Saa ya redio au picha ya eksirei: njia ipi ya kufuatilia nyota za nutroni zilizo pweke?

Mwanafunzi wa fizikia aliye Mombasa na anayetaka kufanya mradi juu ya nyota za nutroni hana haja ya kungoja darubini kubwa ijengwe Pwani. Vipimo vilivyokusanywa kwa miaka mingi na setilaiti na sahani za redio vimewekwa wazi katika hazina za data, na yeyote mwenye kompyuta ya wastani na intaneti anaweza kuvipakua bila malipo. Kigumu ni kuchagua. Kupima mapigo ya redio na kupiga picha za eksirei zote ni njia za kuzitazama nyota hizi, lakini haziziwezi nyota zilezile, hazikosei kwa namna moja, wala hazidai kazi sawa kutoka kwa anayezitumia, na mwanafunzi anayeingia bila kuzipambanua huweza kupoteza muhula mzima akitafuta katika data kitu ambacho data hiyo haiwezi kumpa.

Nitajifunga kwenye nyota zilizo pweke, yaani zisizo na mwenzi. Nyota ya nutroni ni kiini kinachobaki baada ya nyota kubwa kulipuka kama supanova: uzito wa Jua moja na nusu hivi ukiwa umeshindiliwa katika tufe lenye kipenyo cha kilomita 20 na ushei. Ikiwa na mwenzi wa karibu, gesi inayoporomoka kutoka kwa mwenzi huyo huweza kuangaza kiasi cha kuifunika nyota yenyewe. Ikiwa pweke, mnururisho tunaoupokea ni wake mwenyewe, ama wa uga wake wa sumaku unaozunguka nayo, ama wa joto lililobaki juu ya uso wake tangu kuzaliwa, na mwendo wake hauyumbishwi na mvutano wa jirani. Ndiyo maana ninaona kwamba anayeanza aanzie hapa.

Umbali ndio unaounganisha mwendo na mnururisho

Kabla ya kulinganisha njia, ni lazima jambo moja lieleweke vizuri. Kinachopimwa angani si kasi bali ni pembe: nyota imesogea sehemu gani ya sekunde ya tao kwa mwaka, sekunde ya tao ikiwa ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600. Ili pembe igeuke kilomita kwa sekunde, huzidishwa kwa umbali katika paseki (paseki moja ni miaka ya nuru 3.26 hivi), kisha kwa 4.74. Kwa upande wa mnururisho hali ni hiyohiyo, kwa kuwa ukubwa wa uso unaokadiriwa kutokana na joto lake hutegemea umbali, na nguvu yote inayomwagwa hutegemea umbali ukizidishwa kwa wenyewe. Umbali ukikosewa, mwendo na mnururisho vyote viwili vinaharibika kwa mkupuo mmoja.

Nyota inayolionyesha jambo hili kuliko zote ni RX J1856.5−3754, iliyo katika kundinyota la Corona Australis, ambalo usiku wa Julai hupita juu upande wa kusini wa anga la Mombasa. Iligunduliwa mwaka 1996 katika data za setilaiti ya eksirei ya ROSAT, kisha darubini ya Hubble ikaipata kama nukta hafifu mno ya daraja la 25.6, ilhali jicho la mtu hukomea daraja la 6 katika giza zuri. Husogea sekunde 0.332 za tao kila mwaka. Kama ungesimama Mombasa ukamtazama mtu aliye Malindi, kilomita 105 hivi kwa mstari ulionyooka, pembe hiyo ni sawa na mtu huyo kusogea sentimita 17 kwa mwaka. Paralaksi yake, yaani kuyumba kwa kila mwaka kunakotokana na Dunia kulizunguka Jua, ni ndogo zaidi: kwa kipimo hichohicho ni milimita 4.

Milimita hizo 4 ndizo zilizoleta mgogoro. Mwaka 2001 Frederick Walter alitangaza umbali wa takriban miaka 200 ya nuru. Mwaka uliofuata David Kaplan na wenzake walizichambua upya picha zilezile za Hubble, wakapata takriban miaka 450 ya nuru. Vipimo vya baadaye, vilivyotumia picha nyingi zaidi, vimetulia karibu na miaka 400. Tazama maana yake. Kwa umbali wa miaka 200 ya nuru nyota hii inakata anga kwa kilomita 96 kwa sekunde. Kwa umbali wa miaka 400 kasi inafika kilomita 190 na zaidi, kipenyo kinachokadiriwa kinaongezeka maradufu, na nguvu ya mnururisho mara nne. Mwaka huohuo wa 2002 ilitangazwa kwamba huenda hii si nyota ya nutroni ya kawaida bali imeundwa kwa kwaki, yaani chembe ndogo zinazounda nutroni zenyewe, kwa kuwa uso uliokadiriwa kwa eksirei peke yake ulionekana mdogo mno. Dai hilo lilipingwa kwa sababu mwanga wake wa kawaida ni mkali mara kadhaa kuliko ule ambao joto la eksirei lingetabiri, jambo linaloashiria kwamba upo uso mpana usio na joto kali kama lile linaloonekana katika eksirei. Hakuna hata kimoja katika hayo ambacho kingetatuliwa na mtu anayepima mwendo bila kuangalia mnururisho, au kinyume chake.

Njia ya saa: kuhesabu mapigo ya redio

Pulsa ni nyota ya nutroni ambayo mnururisho wake hutufikia kama mapigo inapozunguka. Ya kwanza ilitambuliwa na Jocelyn Bell mwaka 1967 huko Cambridge, ikipiga kila baada ya sekunde 1.337. Leo zinajulikana zaidi ya 3,000, na nyingi mno ni pweke. Kinachoshangaza katika njia hii ni kwamba mwendo wa nyota hupimwa bila picha yoyote. Dunia inapolizunguka Jua, mapigo hutufikia mapema tukiwa upande wa karibu na nyota na huchelewa tukiwa upande wa mbali, tofauti inayoweza kufika sekunde 499 kila upande. Programu ya uchambuzi huondoa tofauti hiyo kwa kutumia mahali pa nyota palipoandikwa katika katalogi. Ikiwa mahali hapo pamekosewa kwa sekunde moja tu ya tao, mabaki ya hesabu, yaani tofauti kati ya wakati uliotabiriwa wa pigo na ule uliopimwa, hupanda na kushuka kama wimbi la mwaka mmoja lenye kimo cha milisekunde 2.4. Na ikiwa nyota inasogea, wimbi hilo hukua mwaka hadi mwaka.

Chukua PSR J1744−1134, pulsa pweke inayozunguka kwa milisekunde 4.07, iliyo umbali wa takriban miaka 1,300 ya nuru. Mwendo wake ni milisekunde 21 za tao kwa mwaka, kwa hiyo wimbi la mabaki hukua kwa mikrosekunde 50 hivi kila mwaka, ilhali kila pigo la wastani hupimwa kwa usahihi wa karibu mikrosekunde moja au chini yake. Mwanafunzi anayefuta mwendo huo katika faili la vigezo na kuendesha hesabu upya ataona mchoro wa mabaki ukifunguka kama tarumbeta mbele ya macho yake. Hata paralaksi, yenye wimbi la nusu mwaka na kimo cha mikrosekunde 3 tu, inapatikana ikiwa data ni za miaka kadhaa. Sijui zoezi jingine katika elimu ya falaki ambalo kwa faili dogo la maandishi humwonyesha mwanafunzi wazi namna hii kwamba Dunia inazunguka na nyota inakwenda.

Udhaifu wake uko palepale penye nguvu. Saa nzuri ni za pulsa kongwe za milisekunde. Pulsa changa hupiga bila utulivu: ile ya Vela, ya milisekunde 89, ilionekana mwaka 1969 ikiharakisha mzunguko wake kwa ghafla, na imerudia mara nyingi tangu hapo. Misukosuko hiyo huweza kujifanya mwendo. PSR J0002+6216 ni onyo zuri. Mwaka 2019 ilitangazwa kuwa inakwenda kwa kilomita 1,130 kwa sekunde, kwa kutumia nyakati za mapigo ya miale ya gama kutoka darubini ya Fermi. Baadaye darubini za redio zilizounganishwa kwa maelfu ya kilomita zilipopima mahali pake moja kwa moja, kasi ilishuka hadi karibu theluthi moja ya hiyo. Aidha, mapigo ya redio hayasemi mengi juu ya joto la uso. Mnururisho unaopimwa hapa huzalishwa na uga wa sumaku, na anayetaka kujua nyota inapoaje hatapata jibu huko.

Njia ya picha: eksirei na mwanga

Hapa kuna nyota ambazo saa ya redio haizijui kabisa. ROSAT, iliyorushwa mwaka 1990, ilifichua saba zilizo karibu nasi ambazo hung'aa kwa joto lao tu, bila mapigo ya redio ya kutegemewa, na RX J1856.5−3754 ndiyo inayong'aa kuliko zote. Uso wake una joto la takriban nyuzi 700,000 za Kelvini. Darubini ya Chandra iliikodolea kwa karibu sekunde 500,000 ikitafuta mistari katika spektra, yaani mnururisho uliotawanywa kwa nishati zake, ambayo ingeonyesha uso umefanywa kwa kitu gani, ikapata mkunjo laini usio na mstari hata mmoja. Mzunguko wake wa sekunde 7.055 ulipatikana mwaka 2007 tu, katika data za XMM-Newton, darubini nyingine ya eksirei, kwa sababu mng'ao hupanda na kushuka kwa asilimia 1.2 pekee. Nyota iliyo karibu, yenye kung'aa, ikaficha pigo lake zaidi ya miaka 10 tangu kugunduliwa: hilo linatosha kumweleza mwanafunzi kwamba mnururisho wa joto ni ulimwengu tofauti na ule wa pulsa.

Kwa mwendo, Chandra hugawanya anga katika vipande vya nusu sekunde ya tao. RX J1856.5−3754 husogea zaidi ya sekunde 3 katika miaka 10, kwa hiyo picha mbili zilizoachana kwa muda huo zinaonyesha mwendo bila ubishi. XMM-Newton ina picha zenye ukungu zaidi, lakini imekuwa ikiitazama nyota hii mara kwa mara ili kusahihisha vifaa vyake, na katika miaka 20 nyota imehama zaidi ya sekunde 6 za tao. Kinachohitaji uangalifu ni mwelekeo wa darubini yenyewe, ambao huweza kupotoka kwa sekunde moja au zaidi kati ya siku na siku. Tiba yake ni kutafuta vyanzo vingine vya eksirei katika picha ileile, galaksi za mbali zisizosogea, na kuzipanga picha kwa kuvifuata hivyo. Vyanzo hivyo mara nyingi ni vichache na hafifu, na ndivyo vinavyoamua ubora wa jibu lote.

Muda kati ya picha ni jambo ambalo singekubali kulilegezea. Nyota ya nutroni iliyo ndani ya mabaki ya supanova ya Puppis A ilitangazwa mwaka 2007, kwa picha zilizoachana kwa miaka 5 na ushei, kuwa na kasi inayozidi kilomita 1,500 kwa sekunde. Picha zilizorefusha muda hadi miaka 10 na ushei ziliiteremsha hadi karibu 670, na kipimo cha mwaka 2020 kilitoa takriban 760. Ukiona kasi ya kutisha iliyotokana na muda mfupi, ngoja.

Hubble huona kwa makini zaidi na ndiyo iliyotoa paralaksi nyingi za nyota hizi, lakini kuzitumia picha zake kwa ajili hii ni kazi ya fundi. Lenzi na vioo huipinda picha kidogo, mpindo huo hubadilika, na kuyumba kunakotafutwa ni kwa sehemu ndogo ya kipande kimoja cha picha. Waliotofautiana juu ya miaka 200 na 450 ya nuru walikuwa wataalamu, wakitumia picha zilezile. Singemshauri mwanafunzi wa shahada ya kwanza aanzie hapo.

Watu wa Pwani wana haki ya kuijua historia ya njia hii. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Miaka miwili baadaye, kutoka jukwaa hilohilo, ilirushwa SAS-2, na katika data zake kikaonekana chanzo cha ajabu cha miale ya gama ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Geminga. Ilichukua hadi mwaka 1992 kuthibitisha, kwa ROSAT, kwamba ni nyota ya nutroni pweke inayozunguka kwa milisekunde 237, na mwaka uliofuata wanaastronomia wa Italia wakauona mwendo wake katika picha za mwanga.

Zile ambazo ni za baadaye

Darubini za redio zilizounganishwa kwa maelfu ya kilomita hupima mahali na paralaksi kwa usahihi mkubwa sana. Mwaka 2005 zilionyesha kwamba PSR B1508+55, iliyo umbali wa miaka 7,700 ya nuru hivi, inakwenda kwa takriban kilomita 1,080 kwa sekunde. Uchambuzi wake ni mzito na unahitaji msimamizi aliyeufanya kwa mikono yake. Uache hadi uzamifu. Afrika Kusini ina MeerKAT, sahani 64 katika Karoo, na Kenya ni mmoja wa washirika wa Kiafrika wa mradi wa SKA, darubini kubwa ya redio ya kimataifa, kwa hiyo mlango huo haujafungwa.

Njia zote nilizotaja zina upungufu mmoja wa pamoja: hupima mwendo wa kukata anga tu. Mwendo wa kuja kwetu au kwenda mbali nasi ungehitaji mistari katika spektra inayojulikana ilianzia wapi, na nyota hizi hazitupi.

Kazi yenyewe ukiwa Mombasa

Nyakati za mapigo ni faili za maandishi zinazopakuliwa hata kwa bando la simu, na programu ya Python iitwayo PINT huendesha hesabu zake kwenye kompyuta ya kawaida. Umeme ukikatika hupotezi kazi ya usiku kucha. Kwa eksirei, tazamo moja huweza kufika mamia ya megabaiti, faili za usahihishaji wa vifaa huongeza gigabaiti, na programu zenyewe, CIAO kwa Chandra na SAS kwa XMM-Newton, zimejengwa kwa Linux. Pakua kila kitu mara moja ukiwa kwenye intaneti ya chuo, ukihifadhi katika diski ya nje, kisha fanya kazi nyumbani.

Basi uchague ipi

Ikiwa una muhula mmoja na lengo lako ni mwendo, chukua PSR J1744−1134 na njia ya saa. Utapata jibu lenye makosa yanayohesabika na utaelewa kila hatua yake.

Ikiwa kinachokuvuta ni jinsi nyota inavyopoa, chukua RX J1856.5−3754 na data za XMM-Newton, lakini jipe mwaka mzima. Usiishie kwenye halijoto. Mwendo wake ukirudishwa nyuma hufika katika kundi la nyota changa la Upper Scorpius takriban miaka nusu milioni iliyopita, ilhali umri unaokadiriwa kutokana na kupungua kwa mzunguko wake ni karibu miaka milioni 4. Ni upi kati ya umri huo miwili unaolingana na joto unalolipima? Hilo ni swali la uzamili lenye uzito, na data za kulijibu zipo wazi.

Anayetaka vyote viwili katika nyota moja atavutiwa na PSR J0030+0451, pulsa pweke ya milisekunde 4.87 ambayo ina nyakati za mapigo za miaka mingi na pia eksirei za chombo cha NICER, ambazo mwaka 2019 zilitoa makadirio ya nusu kipenyo cha karibu kilomita 13. Ni chaguo zuri, ila kabla ya kulikubali angalia mahali ilipo. Iko digrii moja na nusu hivi tu kutoka njia ya Jua angani, na nyota iliyo hapo huichanganya njia ya saa, kwa kuwa Dunia inapozunguka hupata tofauti kubwa ya mashariki na magharibi lakini karibu haipati yoyote ya kaskazini na kusini. Utaandika mwendo wa upande mmoja kwa uhakika na wa upande wa pili kwa mashaka makubwa, na taarifa ya mradi wako lazima iyaonyeshe makosa ya pande hizo mbili kila moja peke yake.